Kishimo cha Mzima

Jumatatu, 8 Januari

Joto limeanza. Redio inasema hakuna mvua hadi mwisho wa Machi. Nimeamua kuandika kiangazi chote, kwa sababu humu maabara kila kinachoharibika huishia kuitwa changu, na safari hii nataka niwe na maneno yangu yenye tarehe.

Kazi yetu ni hii. Tunapima damu za watu ambao mwili wao unashukiwa kuishambulia tezi yao wenyewe ya shingo. Ndani ya tezi hiyo kuna kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza homoni, na kwa wagonjwa hawa kingamwili, ambazo ni askari wa mwili, zimekigeuza kimeng'enya hicho kuwa adui. Tunakipaka kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vidogo, tunatia majimaji ya damu, tunaosha, tunatia dawa ya rangi. Kishimo cha mgonjwa kinaanza buluu, na tukitia tindikali ya kuisimamisha rangi kinageuka manjano. Cha mzima kinabaki kama maji. Mashine inasoma rangi na kutoa namba.

Kishimo cha kwanza, kona ya juu kushoto, ni changu. Lazima awepo mzima wa kulinganisha wengine naye, na tangu maabara ifunguliwe mzima huyo ni mimi, kwa sababu sijawahi kulala kitandani kwa ugonjwa. Kila Jumatatu Chapchap, msaidizi wangu, ananitoa damu na kuandika MZIMA kwenye mrija. Ndiyo maana wananiita Bi Mzima. Namba yangu mashine inaizidisha kwa tatu, na hapo ndipo mstari unapopita. Aliye juu ya mstari, damu yake inapelekwa mji mwingine kupimwa homoni. Aliye chini anaambiwa huna kitu, nenda nyumbani. Hesabu hiyo niliitunga mimi, wakati mkuu wetu wa sasa bado yuko shuleni anachonga penseli.

Leo nimesoma 0.08. Kawaida yangu ni 0.05. Chapchap hakuosha sahani vizuri, nami nimemwambia.

Jumatano, 10 Januari

Mkuu wetu namwita Digrii, kwa siri. Mimi niliingia jengo hili kuosha chupa. Nimesoma jioni, nimefanya mitihani na mikono inanuka sabuni, nikapanda ngazi moja moja. Yeye alipanda kwa lifti. Sina ugomvi naye, nina kumbukumbu tu.

Anaweka kiyoyozi kama anahifadhi samaki.

Jumatatu, 15 Januari

0.11.

Nikasema, "Jamani, kuna baridi humu, au ni mimi tu?"

"Ni wewe tu, Bi Mzima," Chapchap akajibu. Alikuwa anajipepea na kifuniko cha boksi.

Nimerudia kuosha kwa mkono wangu. 0.11.

Jumatatu, 22 Januari

Leo kwenye sahani alikuwemo mdogo wangu.

Ni fundi wa nguo, yule wangu wa mwisho. Tangu mwaka jana anasinzia juu ya cherehani. Ana gauni la bibi harusi ambaye sasa ameshaolewa akiwa amevaa gauni lingine. Mimba mbili zimemtoka kabla ya kufika miezi mitatu. Daktari akasema tuangalie hiyo tezi. Nikafurahi kwamba damu yake inakuja kwangu na si kwa mtu asiyemjua.

Mimi 0.13. Mstari 0.39. Yeye 0.36. Yuko chini.

Nilimpigia mwenyewe. "Huna kitu."

"Kweli, dada?"

"Mashine haina undugu."

Siku hizi anajibu kama mtu anayetafuta viatu gizani. "Sasa kama sina kitu, hiki nilicho nacho ni nini?"

"Usingizi. Amka mapema, oga maji ya baridi, maliza gauni la watu."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Nilipokata simu nikaona vidole vyangu vimekuwa vyeupe kwenye ncha.

Jumatatu, 29 Januari

0.17. Wagonjwa wawili tu sahani nzima. Desemba walikuwa kumi hata kumi na mbili. Watu wamekuwa wazima ghafla.

Jumanne, 30 Januari

Mdogo wangu ana mimba. Ameniambia kwa sauti ya chini, kama vile mimba inasikiliza na inaweza kubadili mawazo.

Ijumaa, 2 Februari

Nimezima kiyoyozi, nikatoa betri za rimoti yake na kuzifungia kwenye droo yangu. Digrii amezunguka chumba kizima akiinua makaratasi. Jasho lilimtoka mpaka kola ikageuka rangi. Mimi nilivaa sweta. Kipimajoto cha ukutani kilisema thelathini na moja, nikakigonga, nikidhani kimekwama.

Jumatatu, 5 Februari

0.20. Nimebadilisha sabuni ya kuoshea.

Jumatano, 7 Februari

Nywele nyingi kwenye kitana. Maji ya bomba la mtaa wetu hayafai.

Jumatatu, 12 Februari

0.26. Nimebadilisha dawa ya rangi, nimefungua boksi jipya la sahani. Mgonjwa mmoja.

Kuna jambo sipendi kuliandika. Baada ya kutia dawa ya rangi huwa tunasubiri vishimo viamue. Zamani nilikuwa naenda kunawa mikono. Leo nilibaki nimeinama juu ya sahani. Kishimo cha kwanza kilikaa wazi, wazi, halafu kitu kikaanza chini kabisa, kama pumzi kwenye kioo. Nilikuwa na hakika kwamba kingebaki maji kama nisingekiangalia.

Ijumaa, 16 Februari

Shemeji, mume wa mdogo wangu, amenipigia kazini. Ni seremala, mtu wa maneno machache na vipimo vingi. Nikapokea, "Haloo."

"Umeshakunywa uji?" akauliza.

"Uji gani?"

"Si nimeuacha mezani, umefunikwa. Na usipande tena kwenye kile kigoda, unanisikia, mke wangu?"

"Shemeji, umepiga kwangu."

Nilisikia msumeno wa mtu mwingine nyuma yake. "Samahani, shemeji. Sauti yenu imekuwa moja."

Haijawahi kuwa moja. Yangu ni nyembamba, ya kukata. Yake tangu utotoni ina asali. Nimekwenda chooni kazini nikajisemesha mbele ya kioo. Iliyojibu ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa.

Jumatatu, 19 Februari

0.31. Hakuna mgonjwa hata mmoja. Vishimo vyote vya waliokuja kupimwa viko chini ya mstari, vingi vina manjano hafifu, kama meno. Nimeandika "hana kitu" mpaka mkono ukaniuma. Ni siku ambayo ningepaswa kufurahi.

Chapchap ameniuliza kama nimemkasirikia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nimekusalimia mara tatu, Bi Mzima. Uliniangalia tu."

Sikumsikia hata moja.

Alhamisi, 22 Februari

Baridi.

Jumatatu, 26 Februari

0.38. Digrii ameniita ofisini kwake. Alikuwa amekunja mikono ya shati, dirisha wazi, feni inazunguka. Mimi nilikaa na sweta, mikono kwapani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimeitiwa nini?"

"Hiki kishimo cha kwanza."

"Ni kuosha. Nimeshalisema kuanzia Januari. Chapchap ana haraka, hata jina lake linasema."

Hakubisha. Alikuwa na karatasi yenye mistari mitatu ya kalamu. "Kwenye kila sahani tuna kishimo kitupu, kisichotiwa damu. Tangu Januari hakijasogea. Tuna pia mgonjwa wa kulinganisha, damu yake tunaigandisha. Hajasogea. Kama ni kuosha, dada, wote wangepanda. Anayepanda ni mmoja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wiki ijayo tujaribu damu ya mtu mwingine hapo."

"Ya nani? Yako?"

"Hata yangu."

Nikamwambia kwamba kiti amekichukua, ofisi yenye dirisha ameichukua, sasa ametamani na kishimo. Nilikusudia kusema kwa ukali, lakini maneno yalitoka moja moja, yanaburuta miguu. Aliniangalia shingoni, akaangalia pembeni haraka.

"Dada, wewe unasikiaje siku hizi?"

"Nasikia baridi. Punguza hicho kiyoyozi."

"Kiyoyozi kimezimwa tangu mwanzo wa mwezi," akasema. "Betri hazionekani."

Jumanne, 27 Februari

Betri bado ziko kwenye droo yangu. Nilisahau kabisa kwamba nimeziweka. Hii baridi imekuwa ikitoka wapi wiki zote hizi?

Ijumaa, 1 Machi

Kitambulisho changu cha kazi kina picha ya mwanamke mwenye nyusi kamili. Nyusi zangu zinaishia katikati, kama mtu aliyeanza kuchora akaitwa. Uso umevimba chini ya macho. Nimeujua uso huu, nikakaa nikijiuliza niliuona wapi. Niliuona Jumapili, kwa mdogo wangu, amelala juu ya mto.

Sisi hatujawahi kufanana. Yeye ni baba mtupu, mimi ni mama.

Jumanne, 5 Machi

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kinanikimbia.

Asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye meza ya sahani, mgongo kwa mlango. Nikasikia hatua zimesimama nyuma yangu, na sauti ya shemeji ikasema, pole pole, kwa hofu ambayo sijapata kuisikia kwa mwanamume:

"Mke wangu. Nani amekuleta huku?"

Nikageuka. Alirudi nyuma hatua, akagonga ndoo ya taka. Alikuwa na unga wa mbao kwenye nywele, na shati lake lilikuwa na damu ubavuni.

"Shemeji," akasema. "Ni wewe. Nimetoka kumwacha wodini, nikaingia hapa nikamkuta amesimama. Nikasema basi. Nikasema huyu ameshakufa, amekuja kuniaga."

Chapchap alimvutia kiti. Akatueleza. Alirudi nyumbani kuchukua futi ya kupimia aliyoisahau, akamkuta mdogo wangu amekaa sakafuni kando ya cherehani, amejifunika blanketi katika joto hili, macho wazi. Alimwita, hakujibu. Alipomwinua akaona damu. Sasa yuko wodini, jengo la pili kutoka kwetu. Mtoto bado yumo. Daktari amesema akiendelea hivi, hatakuwemo kesho.

"Daktari anauliza, ile tezi ilipimwa? Nikamwambia ilipimwa, dada yake mwenyewe ndiye aliyepima, akasema hana kitu." Aliniangalia usoni. Hakuwa ananishtaki. Ingekuwa afadhali angenishtaki. "Mbona shemeji na wewe umekuwa hivi?"

Nilikwenda kwenye friza nikatoa mrija wa mdogo wangu wa Januari. Kisha nikakunja mkono wa sweta la Chapchap. Hapana, yeye hakuwa na sweta, ni mimi. Nilimwambia Chapchap, "Kaa. Nikutoe damu."

"Mimi? Ya nini?"

"Ya kishimo cha kwanza."

Digrii alikuja bila kuitwa. Alitazama meza, akanawa, akavaa glavu, akaanza kuandaa dawa kwa ajili yangu kama msaidizi. Chapchap kona ya juu kushoto. Chini yake mdogo wangu. Chini yake mimi, mrija ulioandikwa MZIMA. Kuosha aliosha Chapchap, pole pole, mara zote zinazotakiwa, huku nikimwangalia, na nikaona kwamba ndivyo anavyoosha siku zote.

Tukatia dawa ya rangi. Tukainama wote watatu. Shemeji alisimama nyuma yetu, ameshika kofia.

Cha Chapchap kilibaki maji. Kwenye viwili vya chini kitu kikaanza kwa pamoja, kutoka sakafuni, buluu nyepesi, ikipanda. Cha kwangu kilitangulia. Cha mdogo wangu kilifuata nyuma, kama alivyokuwa akinifuata kwenda shule, ameshika kona ya sketi yangu. Nilipotia tindikali ya kusimamisha vyote viwili vikageuka manjano mara moja, na mashine ikasoma.

Chapchap 0.05. Mstari 0.15. Mimi 0.55.

Mdogo wangu 0.36. Ileile ya Januari. Yeye hakusogea hata kidogo. Mstari ndio uliokuwa unatembea, na aliyekuwa akiubeba ni mimi.

Digrii alishachukua karatasi. "Naipeleka wodini mwenyewe," akasema. "Waanze vidonge leo, majibu ya homoni yatakuja baadaye. Chapchap, mtoe dada damu nyingine, na ya mgonjwa ifuate, ziondoke na gari la mchana." Mlangoni akageuka. "Na wale wengine wa tangu Januari, dada. Mirija yao ipo?"

"Ipo. Yote."

"Basi tutawapima upya na kuwaita mmoja mmoja. Tutawaita sisi wawili."

Alisema sisi. Niliisikia vizuri sana, siku ambayo mengine yote nayasikia kwa mbali.

Shemeji alibaki anaangalia vile vishimo viwili vya manjano. "Kipi chake?" akauliza. Nikamwonyesha. Akauliza tena baada ya muda, "Kipi chake?" kwa sababu kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Jumatano, 6 Machi

Mtoto yumo. Damu imepungua. Mdogo wangu alinishika mkono, na sote wawili tukashtuka: hakuna aliyekuwa na joto la kumpa mwenzake.

"Uliniambia uvivu," akasema.

"Nilikuambia usingizi."

"Ni kitu kimoja, ukisema wewe."

Nikamrekebishia blanketi, nikachukua la ziada la kitanda cha pili, nikajifunika mwenyewe. Muuguzi alipopita akatutazama, akatazama karatasi yake, akauliza, "Mgonjwa ni nani hapa?"

Ijumaa, 8 Machi

Friza inatunza mirija yangu ya miaka. Nimeipima yote kwa sahani moja, kwa mpangilio wa tarehe, kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanzo maji, maji, maji. Halafu kishimo ambacho huna hakika nacho. Halafu ngazi. Kipandio cha kwanza kabisa ni cha Desemba, mwezi ambao nilimwambia Digrii kwamba tangu nizaliwe sijawahi kujisikia na nguvu kama ile. Kumbe tayari ugonjwa ulikuwa umeingia, umekaa, umeanza kula, na mimi natoa mkono kila Jumatatu ili wengine wapimwe kwangu.

Majibu ya homoni zetu yamerudi. Zake ni mbaya. Zangu mbaya zaidi. Daktari ameandika vidonge vile vile, mimi na yeye.

Jumatatu, 11 Machi

Tumeanza kupiga simu. Digrii anasoma namba, mimi naongea. "Ulipimwa kwetu, tukakuambia huna kitu. Tulikosea, tafadhali rudi." Wengine wanatukana. Mzee mmoja dereva alisema, "Nilijua. Nilimwambia mke wangu, hii baridi si ya dunia hii." Mwanamke mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti nzito, ya kuburuta, "Wewe nani unayeongea kama mimi?"

Alhamisi, 14 Machi

Namba moja inaita tu. Haipokelewi.

Jumatatu, 18 Machi

Kishimo cha kwanza sasa ni cha damu ya wazima kumi iliyochanganywa, ili asiwepo mmoja wa kutubeba sote. Digrii ndiye aliyetunga. Ni hesabu nzuri kuliko yangu, na nimemwambia hivyo mbele ya watu. Betri nimerudisha. Hakuuliza zilikuwa wapi.

Wananiita Bi Mzima bado. Chapchap alijiuma ulimi, nikamwambia aendelee, nimeshalizoea.

Jumatano, 20 Machi

Ile namba bado inaita.

Jumatatu, 25 Machi

Mawingu. Damu yangu leo imekaa safu ya tatu, katikati ya wagonjwa, ina namba badala ya jina. Kishimo cha kwanza kimebaki maji. Nilikiangalia kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyohama na kukuta taa zinawaka.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua imeanza alfajiri na haijaacha. Paa la korido linavuja, Chapchap ameweka ndoo, hata Digrii amekuja na koti. Kwa mara ya kwanza tangu Januari hakuna anayenishangaa kwa sweta langu. Daktari ameniambia vidonge vyangu vitachelewa kidogo, kwamba mimi nilikwenda mbali zaidi kabla ya kugeuka.

Simu ikaita mezani. Nikapokea, "Haloo."

"Shikamoo, shemeji," akasema yule seremala, bila kusita hata kidogo. Sasa anatutofautisha. "Ngoja nikupe mwenzio."

Nikasikia cherehani inasimama. Kisha sauti ya mdogo wangu, ina asali yake kidogo, bado imekwaruza pembeni. Akaniambia wamesikia moyo wa mtoto kwa mashine, unakimbia kama mtu aliyechelewa. Akaniambia gauni la harusi amelifumua, analifanya nguo za kitoto. Halafu akanyamaza, na mimi nikaogopa ule ukimya, ukimya wa kutafuta viatu gizani, nikashika meza.

"Dada," akasema. "Hivi leo kuna joto, au ni mimi tu?"

Nikatazama dirishani. Maji yalikuwa yanashuka kwenye kioo kama pazia, na pumzi yangu ilikuwa imeacha ukungu juu yake.

"Ni wewe tu," nikamwambia. "Ni wewe tu, mdogo wangu."

Nikafunga sweta vifungo vyote, nikapiga tena ile namba isiyopokelewa.